Daftari na Madhabahu: Uhakiki wa Maneno ya Sheria Juu ya Dini

Neno "kuandikisha" ni neno la upole. Mzazi huandikisha mtoto shuleni, mwenye shamba huandikisha mpaka wake, na wachumba huandikisha ndoa yao. Katika mambo hayo yote jambo lenyewe limekwisha kuwapo kabla ya kuandikwa: mtoto amekwisha zaliwa, shamba limekwisha limwa, mapenzi yamekwisha ota mizizi. Kalamu huja nyuma kushuhudia. Lakini neno hilohilo lina sura ya pili. Mtu akiambiwa kwamba asipoandikishwa hana ruhusa ya kukutana na wenzake kumwabudu Mungu, kalamu haishuhudii tena. Imekuwa mlango, na yule aliyeishika amekuwa bawabu.

Sura hizo mbili za neno moja ndizo shabaha ya makala haya. Ugomvi wa dola na dini ni wa kale, na vitabu vyake havihesabiki. Sisi twataka kipande chake kidogo tu, yaani maneno ambayo kwayo serikali za Afrika ya Mashariki na za jirani zake zimetunga sheria juu ya makanisa, misikiti na jumuiya za waumini. Mhakiki wa fasihi hana kiti mahakamani. Hata hivyo, sheria hutungwa kwa maneno, na mtu aliyezoea kupima uzito wa neno katika utenzi hawezi kulifumbia macho analikuta katika ibara. Madai yetu ni haya: sheria hutenda haki inapouliza mkono wa mtu wa dini umefanya nini, hupotoka inapouliza kinywa chake kimepewa ruhusa na nani. Tena twadai kwamba sheria inayoshughulika sana na kinywa mara nyingi husahau kuutazama mkono, na kwa usahaulifu huo watu hufa.

Tuanze nyumbani. Sheria ya Vyama, ambayo ni Sura ya 337 katika sheria za Tanzania, ilitungwa mwaka 1954 chini ya utawala wa Waingereza. Mwaka huo wafaa kukumbukwa. Tarehe 7 Julai 1954 ndiyo siku ilipozaliwa TANU, na chama hicho kilionja ukali wa sheria hiyo mapema: Usukumani shughuli zake zilikatazwa tangu mwaka huohuo hadi 1958. Miaka ikapita, Uhuru ukaja, na mwaka 1992 vyama vya siasa vikapata sheria yao peke yao. Jumuiya za dini zikabaki katika nyumba ile ya zamani, pamoja na vyama vya kuzikana na vyama vya watu wa kijiji kimoja waishio mjini. Hivyo sheria iliyowahi kutumika kuzuia sauti ya wanaodai uhuru ndiyo iliyobaki kuhesabu sauti za wanaosali.

Mbele ya sheria hiyo kanisa ni "chama", na jumuiya ya Waislamu nayo ni "chama". Yafaa tusimame kidogo katika neno hili. Chama huundwa na watu kwa mapatano yao, nao waweza kukivunja kwa mapatano hayohayo. Muumini hasadiki kwamba dini yake iliundwa hivyo. Yeye huamini kwamba aliitwa, na kwamba waliomtangulia waliitwa, na kwamba wito huo haukutoka kwa mwenyekiti wala katibu. Sheria haina kosa kwa kutojua wito. Kazi yake si kujua mambo ya mbinguni. Kosa huanza pale inaposahau kwamba imekopa neno dogo kulitaja jambo kubwa, ikadhani kwamba ikifuta chama katika daftari imefuta pia lile lililokuwa nyuma ya chama. Tena Msajili wa Vyama huyo ofisi yake imo katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, wizara ileile yenye Polisi na Magereza. Msomaji wa fasihi anajua kuwa mahali neno lilipowekwa ni sehemu ya maana yake.

Kando ya sheria hiyo pana andiko jingine lenye sauti tofauti kabisa, nalo ni Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, iliyoingia pamoja na haki nyingine za binadamu katika mabadiliko ya mwaka 1984. Ibara hiyo yampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa imani na wa kuchagua dini, pamoja na uhuru wa kuibadili. Yasema pia kwamba kutangaza dini na kufanya ibada ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Neno "nje" hapo ni fupi, tena limenyooka. Hata asiyesoma sheria analielewa. Kisha yafuata sehemu ya tatu, ambayo yaweka hifadhi ya haki hizo chini ya taratibu za sheria zilizo muhimu kwa usalama wa jamii, amani, maadili na umoja wa taifa. Maneno manne hayo si ndugu wa tumbo moja. Usalama na amani vyaweza kupimwa: nyumba imechomwa au haikuchomwa, mtu amepigwa au hakupigwa. Maadili na umoja ni mapana kama bahari, na kila nahodha ana ramani yake. Hivyo kile kilichotolewa nje kwa mlango mmoja chaweza kurudishwa ndani kwa mwingine, na ufunguo wa mlango huo wa pili anao msomaji mwenye cheo.

Msomaji huyo mwenye cheo amejipatia msemo wake, nao umeenea nchini kuliko ibara yoyote: "Tusichanganye dini na siasa." Ni msemo mwepesi mdomoni, una mizani nzuri, nao wasikika kama busara ya wazee. Lakini hebu tuuhakiki kama tuhakikivyo methali. Kitenzi "kuchanganya" chadai mtendaji. Je, mchanganyaji ni nani? Kiongozi anapoapishwa ameshika Msahafu au Biblia, hasemwi kuwa amechanganya. Sheikh na askofu wanapokaribishwa kwenye sherehe ya taifa wafungue kwa dua na sala, hawasemwi kuwa wamechanganya. Wanapoombwa wawahimize waumini wajiandikishe kupiga kura, au walipe kodi, au wadumishe utulivu, hapana asemaye neno. Ila mhubiri akisimama mimbarini akauliza juu ya kura zilizoibwa au juu ya mtu aliyechukuliwa usiku asirudi, papo hapo msemo huamshwa usingizini. Basi twajifunza kwamba msemo huu hauna maana moja. Maana yake hugeuka kwa kumfuata yule asemaye na yule aambiwaye. Nao, kwa kweli, hautenganishi dini na siasa, bali hutenganisha dini isifuyo na dini iulizayo.

Hayati Mwalimu Julius Nyerere hakuutumia mpaka huo kwa namna hiyo. Alishika kwamba serikali haina dini, ingawa watu wake wanazo. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba 1970, aliposema mbele ya masista wa Maryknoll huko New York, aliwataka watu wa Kanisa wapinge mipango ya jamii inayowafanya watu kuwa maskini na wanyonge. Hapo Rais aliyekuwa madarakani aliliomba Kanisa liingie katika jambo ambalo, kwa kipimo cha msemo wetu, ni siasa tupu. Mtu aweza kusema kwamba ni rahisi kuomba hivyo ugenini. Sawa, lakini maneno yakisha semwa hayana nchi, na yeyote aweza kuyashika.

Mwezi wa Juni 2025 Msajili alilifutia usajili kanisa lililoongozwa na Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa pia Mbunge wa Kawe, baada ya askofu huyo kulaani utekaji wa watu hadharani. Sababu iliyotolewa ilikuwa mahubiri yenye sura ya siasa, yaliyoonekana kuwachonganisha wananchi na serikali yao. Hatutaki hapa kumtetea mtu wala kumhukumu. Waumini wenyewe wana maoni mengi juu ya mhubiri huyo, na wengine hawampendi. Twauliza swali la mhakiki tu. Ikiwa mtu mmoja amesema neno baya, sheria ya makosa ya jinai ipo, na mahakama zipo, naye aweza kuitwa ajibu. Lakini kufuta usajili hakumwadhibu msemaji. Kwaadhibu bibi kizee aliyekwenda Jumapili kumwombea mjukuu wake akakuta mlango umefungwa na askari wamesimama. Daftari halina uwezo wa kutofautisha kinywa kimoja na masikio maelfu, kwa sababu liliundwa kuandika vyama, na chama hufutwa chote kwa mstari mmoja.

Haki yadai tuseme kwamba dola haikuanza leo kuvuka neno "nje", wala haikuvuka kuelekea upande wa Wakristo peke yake. Desemba 1968, katika mwezi mmoja, Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku nchini Tanzania, na Baraza Kuu la Waislamu, yaani BAKWATA, likaanzishwa. Waislamu wenyewe walikuwa wamegawanyika juu ya jambo hilo, na hata sasa historia yake inasimuliwa kwa namna mbili zisizopatana. Zanzibar nako, kwa sheria ya mwaka 2001, Mufti ana ofisi ya serikali, naye huteuliwa na Rais. Wako wanaoona kuwa huo ni utaratibu wa heshima, wenye asili katika desturi za Visiwani, ambako kadhi alikuwa mtu wa dola tangu zamani za masultani. Wako wanaoona kuwa ni hatamu. Lililo wazi ni kwamba Jamhuri moja ina masomo mawili ya jambo moja, na kwamba mtu akisema "nje" mjini Dodoma na mwingine akalisikia Unguja, hawasikii neno lilelile.

Tukivuka Ziwa Tanganyika twaingia Kongo, na huko twakuta kisa ambacho kila mtunga sheria angepaswa kukisoma kabla ya kushika kalamu. Simon Kimbangu, mtu wa Nkamba aliyelelewa katika misheni ya Kibaptisti, alihubiri na kuwaombea wagonjwa kwa miezi michache tu ya mwaka 1921. Wabelgiji wakaona umati, wakaogopa. Alihukumiwa kifo, Mfalme Albert akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, naye akakaa gerezani miaka thelathini mpaka alipofia Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walihamishwa na kutawanywa pande nyingi za nchi, na kila walipopelekwa imani ikaenda nao. Mwishowe, Desemba 1959, miezi michache kabla ya uhuru, serikali ileile ililitambua kanisa lao.

Kama hadithi ingeishia hapo, tungeiita hadithi ya haki iliyochelewa. Lakini ina sura nyingine. Desemba 1971 serikali ya Mobutu ilitunga sheria juu ya dini, na mwanzoni makanisa yaliyotambuliwa yakawa matatu: Katoliki, Kanisa la Kristo lililokusanya Waprotestanti, na Kanisa la Wakimbangu. Madhehebu madogo mengi yakabaki nje ya mlango. Basi watoto wa mfungwa wakawa ndani ya daftari, na watu waliofanana na baba yao kama alivyokuwa mwaka 1921, wahubiri wa vijijini wasio na cheo wala ofisi, wakawa watu wasiojulikana na sheria. Hapa sheria haikubadili tabia yake hata chembe. Ilibadili orodha tu. Nasi twapata funzo lisilopendeza: aliyeteswa na bawabu jana hachukii ubawabu siku zote, pengine alikuwa akingoja zamu yake. Viongozi wa dini wenye majengo makubwa huomba mara nyingi kwamba serikali "iwadhibiti" wahubiri wa mabanda, na ombi hilo huitwa ulinzi wa kondoo. Asaa likawa hivyo kweli. Lakini msomaji mwangalifu atauliza kama hapana ndani yake pia hesabu ya kondoo waliohama.

Rwanda yatupa hoja ngumu zaidi, na hatuna budi kuikabili kwa heshima. Mapema mwaka 1900 walipofika wamisionari wakiwa na shule na hospitali, hapana aliyewaza yatakayotokea. Lakini mwaka 1994 watu waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata, wakitumaini kwamba hapana atakayemwaga damu madhabahuni, waliuawa humohumo. Serikali iliyozaliwa baada ya mauaji hayo ina sababu ya kutoliamini joho. Mwaka 2018 makanisa yapatayo 700 yalifungwa mjini Kigali, mengi kwa sababu ya majengo mabovu na makelele, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo ikatungwa sheria iliyodai kwamba wahubiri wawe na shahada ya elimu ya dini, ikawapa miaka mitano ya kuitafuta. Mwaka 2024 ukaguzi mwingine ukafunga maelfu ya nyumba za ibada nchini kote.

Kufunga jengo ambalo paa lake laweza kuwaangukia watu ni kazi halali ya serikali; ni swali la mkono. Lakini shahada ni jambo jingine. Tusome ushahidi uliotolewa Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa iliyohukumu mauaji hayo ya kimbari. Padri Athanase Seromba alitiwa hatiani mwaka 2006, na rufani ya mwaka 2008 ikamwongezea adhabu kuwa kifungo cha maisha, kwa sehemu yake katika kubomolewa kwa kanisa la Nyange kwa tingatinga juu ya watu wapatao 1,500 waliojificha ndani. Padri huyo hakuwa mhubiri wa mtaani asiyejua kusoma. Alikuwa amepitia seminari, amepewa daraja, na kanisa lake lilijulikana na serikali tangu enzi za wakoloni. Shahada aliyokosa haipewi na chuo chochote. Basi sheria ikidai cheti cha theolojia ili kuzuia uovu wa mimbarini, inatumia dawa ambayo ilikwisha kuwamo katika mwili wa mgonjwa siku ile alipougua.

Kenya ndiko swali hili lilikoandikwa kwa makaburi. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua miili ya watu walioambiwa, kama yadaiwavyo mahakamani, kwamba wakifunga kula mpaka wafe watamwona Mwokozi. Miili ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Paul Mackenzie, aliyeongoza kundi hilo, alishtakiwa pamoja na wenzake, nao wakakana mashtaka. Nchi nzima ikauliza: serikali ilikuwa wapi? Na jibu lililotoka upesi katika vinywa vingi lilikuwa kwamba dini zimeachwa huru mno, na kwamba yafaa zidhibitiwe.

Lakini tuyasome mambo kwa mfuatano wake. Huduma ya Mackenzie ilikuwa imeandikishwa. Usajili wake ulifutwa mwaka 2023, baada ya makaburi kuanza kufunuliwa. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa siri: mwaka 2017 alikwisha fikishwa mahakamani kwa mambo ya kuwazuia watoto wasiende shule, na Machi 2023 alikamatwa kwa habari ya watoto waliokufa kwa njaa, akaachiwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Basi daftari lilikuwa na jina lake. Polisi walikuwa na jina lake. Mahakama ilikuwa na jina lake. Kilichokosekana hakikuwa maandishi, wala sheria. Kumnyima mtoto chakula ni kosa Kenya hata kama anayemnyima hajafungua Biblia maishani mwake. Kumzuia mtoto shule ni kosa. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku ufa ulionekana, ukaandikwa, ukatiwa sahihi, kisha ukaachwa. Baadaye baraza la Senate likachunguza, na kamati aliyoiunda Rais, iliyoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, ikatoa taarifa yake mwaka 2024. Hoja ya kuwadhibiti wahubiri kwa vyeti haikuwa ngeni: Januari 2016 Mwanasheria Mkuu alikwisha toa rasimu ya kanuni za namna hiyo, viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu wakaipinga, na ikarudishwa nyuma. Wako waliosema baada ya Shakahola kwamba kanuni zile zingaliwaokoa watu. Sisi hatuoni jinsi gani. Mtu ambaye amri ya mahakama haikumzuia hangezuiwa na cheti.

Twajua majibu ya wanaotupinga, nayo si mepesi. Watasema: je, wahubiri wauzao maji na mafuta ya miujiza kwa wagonjwa, wakawakataza dawa za hospitali, waachwe kwa kuwa ni vinywa tu? Je, fedha za sadaka zisihesabiwe? Twajibu kwamba hapa ndipo sura ya kwanza ya neno kuandikisha inapofaa. Jumuiya ikitaka kumiliki kiwanja, kufungua akaunti, kuendesha shule au zahanati, na kupata msamaha wa kodi, ni haki ijulikane wadhamini wake ni nani na hesabu zake zikaguliwe kama za mwingine yeyote. Hayo ni mambo ya mkono: fedha, ardhi, majengo, miili ya watu. Auzaye maji kwa kusema uongo juu ya ugonjwa ni tapeli. Ashtakiwe kwa utapeli, tena asipewe nafuu kwa kuwa amevaa joho. Twaona kwamba huko kuna ukali mkubwa kuliko ule wa bawabu, maana hakimu wa utapeli hamwulizi mshtakiwa ana shahada gani. Amwuliza umechukua nini, kwa nani, na ulimpa nini.

Fasihi yetu ilikwisha kuliwaza jambo hili. Katika *Kusadikika*, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, Karama anasimamishwa mbele ya baraza kwa kosa la kuanzisha mafundisho ya uanasheria katika nchi isiyokuwa nayo. Mshtaki wake, Majivuno, hana mtu wa kumwonyesha aliyejeruhiwa, wala mali iliyopotea. Alicho nacho ni hofu juu ya yale mafundisho yatakayozaa. Wasomaji wengi wameisoma hadithi hiyo kama lawama kwa utawala wa kikoloni, na ni sawa. Lakini ukiisoma tena pamoja na sheria tulizozitaja, waona jambo la ndani zaidi. Kosa la Kusadikika si kwamba ina sheria kali. Ni kwamba inahukumu fundisho kabla ya tendo, huku matendo mabaya ya wakubwa wake yakipita mbele ya macho ya baraza hilohilo bila kuulizwa. Karama ajibu kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotendwa vibaya na nchi yao. Yaani, wao wamemwuliza juu ya kinywa. Yeye awajibu kwa habari za mikono. Hapo Shaaban Robert alituonyesha njia ya kusoma ambayo yafaa kutumiwa hata nje ya hadithi.

Njia yenyewe ni rahisi, na mwanafunzi yeyote aweza kuijaribu. Achukue ibara yoyote inayohusu dini, atie mstari chini ya vitenzi vyake. Akikuta kupiga, kuiba, kudanganya kwa fedha, kunyima chakula, kuzuia mtoto shule, kujenga pasipo usalama, na ajue kwamba sheria hiyo yamtazama mtu wa dini kama raia, na yamheshimu kwa kumtazama hivyo. Akikuta kuamini, kufundisha, kuhubiri, kufasiri, kuchanganya, na asimame hapo aulize: nani atakayepima, na kwa mizani ya nani? Akikuta kuandikisha, asome sentensi mbili zaidi, ili ajue kama kalamu imekuja kushuhudia au imekuja kufunga mlango.

Watu wa dini nao wajifanyie mtihani huohuo. Kanisa au msikiti usemao kwamba mambo yake hayawahusu walio nje, wakati mtoto analia ndani, umejitafutia bawabu wenyewe. Watu wa Shakahola walikuwa na majirani, jamaa na wachungaji wa makanisa mengine, na wengine wao walipiga kelele. Zile kelele ndizo ushahidi ambao dola ilipaswa kuufuata mapema, nao haukuhitaji sheria mpya hata moja. Ulihitaji karani mmoja ambaye, alipolisoma lile jina katika daftari kwa mara ya pili, angeinuka kitini kwenda kutazama.